Kete za dhumna kuzifanya vidani: rangi inanichuruzika na darasa ni Jumamosi

mshoni_wa_ngambo:

Asalaam aleikum jamani na wengine habari zenu. Mie nipo Unguja, likizo za skuli huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu nawafundisha kazi za mikono, safari hii nnao 13, wasichana 11 na wavulana wawili, mdogo miaka 10 mkubwa 15. Mwaka jana tulifanya shanga na ukili, mwaka huu nikaingiwa na tamaa ya kitu chengine.

Nyuma ya nyumba yetu kuna baraza wanacheza dhumna tokea wakitoka kusali Adhuhuri mpaka Magharibi iadhiniwe, kelele zake mnazijua. Mwezi uliopita kete moja ikapotea, dabo tatu, yaani ile yenye nukta tatu huku na huku, wakaitafuta mpaka ndani ya mtaro haikuonekana. Wakanunua seti mpya, ile ya zamani nikaiomba nikapewa. Kete 27, watoto 13, kila mmoja mbili na moja yangu ya kuonyeshea, nikasema hii ni riziki imekuja na hesabu yake.

Basi nimeona kwenye simu watu wanachora mgongoni mwa kete kwa maka pen zile zisizofutika, halafu wanadondosha spiriti, rangi zinakimbiana zenyewe. Nikajaribu usiku watoto wamelala. Ya kwanza imetoka nzuri wallahi, buluu na zambarau zimeachana kwa ukingo mwembamba mweupe kama povu la bahari likifika mchangani. Nikangoja kama dakika kumi, nikachukua rangi ya kucha isiyo na rangi nipake juu ing'are. Brashi ilipita mara moja tu, bahari yote ikahamia kwenye brashi! Ya pili nikapaka haraka haraka nikidhani ndo dawa, ikawa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Ya tatu sikupaka kitu, asubuhi nimeishika na mkono una jasho, kidole chote buluu.

Sasa nnauliza, nipake nini juu yake isichuruzike? Na tundu ya kupitisha uzi inatobolewa vipi, maana nimejaribu na msumari wa moto nimepata harufu tu. Na jee darasa la saa mbili hiyo Jumamosi linatosha kumaliza yote au najidanganya?

---

fundi_wa_klia:

Dada pole, ila mkono wako hauna kosa, hapo umeiosha tu. Mimi kazi yangu ni kupiga rangi magari, Dar, haya mambo ya viyeyushi ndo ugali wangu. Wino wa maka isiyofutika ni rangi imechanganywa na kitu kama utomvu vikayeyushwa kwenye spiriti, spiriti ikiruka hewani rangi inabaki imekaa. Ukirudisha juu yake kitu chenye uwezo wa kuyeyusha inaamka tena kama haijawahi kulala, na rangi ya kucha ndani yake ni ndugu kabisa na thina. Yaani umetafuta kifuniko ukachukua sabuni.

Kuna njia mbili. Ya kwanza tafuta vanishi ya maji, ile ukifungua kopo iko nyeupe kama maziwa halafu ikikauka inakuwa kioo, brashi laini, unapita mara moja kwenda mbele hurudi nyuma. Ya pili ni spray ya klia, yaani vanishi ya kupuliza isiyo na rangi, hii nzuri zaidi inang'aa, lakini nayo ina thina kali ndani kwahiyo usipige kama unamwagilia bustani. Sogea nyuma kama sentimita 30 mkono ukitembea, mikupuo miwili ya kwanza iwe vumbi tu, mpaka uone kama hujapiga kitu, subiri dakika kumi na tano, vumbi tena. Hilo vumbi likikauka ndo linalinda wino, sasa mkupuo wa tatu na wa nne unaweza kulowesha kidogo. Ukiharakia ule wa kwanza umerudi kwenye rangi ya kucha. Na piga nje, siku kavu, watoto wakiwa kwao, unyevu ukizidi klia inaganda na ukungu mweupe na huo ukungu hauutoi kwa kitambaa.

Kingine hujauliza ila nakwambia. Hizo kete zimeshikwa na baraza zima miaka, zina jasho na mafuta ya mikono na kahawa na halua na sijui nini. Zioshe kwa sabuni, zikauke, halafu futa mgongo kwa spiriti kabla hujaweka rangi hata tone moja, usipofanya hivyo rangi itakimbia sehemu na kuacha vijicho. Kama mgongoni kuna nembo imechorwa kwa ndani, msasa wa maji namba 400, umalizie na 1000 mpaka iteleze, wino unapenda pale panapoteleza.

Spiriti angalia asilimia kwenye chupa, ile 70 ina maji mengi inaacha madoa yamefifia, tafuta ya juu zaidi. Sanitaiza ya ute usiguse.

---

mamake_shanga:

Waaleikum salaam dadangu, mie niko Mombasa na hii nishaifundisha mara mbili, ya kwanza ilikuwa vurugu tupu acha nikupunguzie.

Saa mbili hazitoshi ng'o, ukitaka kufanya yote siku moja utawarudisha nyumbani na vidole vya buluu na mama zao watakuja kwako na nguo. Gawanya, Jumamosi hii wapake rangi tu, kete zilale kwako wiki nzima zikauke sawasawa, wewe mwenyewe uzipige klia katikati ya wiki, Jumamosi ya pili waje wafunge uzi na shanga. Watalia kuziacha siku ya kwanza, waambie ni kama mkate unasubiri kuumuka.

Wasianzie kwenye kete. Mimi niliomba vipande vya vigae vilivyovunjika kwa fundi anayejenga jirani, vile vya kung'aa vya bafuni, wino unakimbia juu yake vilevile kama kwenye kete. Nusu saa ya kwanza wachezee vigae. Na hapa ndipo uwaonyeshe jambo lililonifanya niipende kazi hii: ukiharibu, unatia spiriti kwenye pamba unapangusa, kigae cheupe tena. Nina msichana mmoja alikuwa anachana karatasi kila akikosea mstari, huyu alifuta kete moja mara sita bila kununa, ya saba akaniletea akasema hii ndiyo.

Ugonjwa wa watoto wote ni kumwaga. Rangi tone, spiriti tone, basi, kisha watulize mikono watazame. Kete ni ndogo, urefu kama sentimita 5 upana nusu yake, ukitia spiriti matone matano yote yanafurika pembeni yanaenda na rangi. Mimi natumia bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea dawa watoto, kila meza moja, na kila bomba lina spiriti kidogo sana ndani.

Sasa usalama, nisikilize hapa. Mara ya kwanza niliwapa mirija wapulize rangi isambae, mmoja akavuta badala ya kupuliza. Alhamdulillah haikufika mdomoni, lakini mimi moyo ulinishuka mpaka kwenye ndara. Siku hizi natumia chupa tupu ya plastiki, wanaibinya inatoa upepo. Na spiriti USIITIE kwenye chupa ya maji ya kunywa hata dakika moja, mtoto ana kiu hasomi, na ile ya dukani ya kuwashia ni sumu. Madirisha wazi. Moto hakuna, na wewe wa Unguja nakujua, chetezo chako cha udi kipeleke uwani siku hiyo, mvuke wa spiriti na kaa la moto haviwi chumba kimoja.

---

mzee_dabo_sita:

Mnaniumiza roho. Kete ni ya kupiga mezani isikike mpaka mtaa wa pili, si ya kuning'inia shingoni.

Ila kwa kuwa bibie amesema seti imepungua namsamehe, seti ya 27 ni maiti. Watu wanadhani ukikosa moja utacheza tu na zilizobaki. Kila namba ipo kwenye kete 7 na inatokea mara 8 kwa ajili ya dabo, mchezaji anahesabu, anajua tatu ngapi zimetoka ngapi zipo mikononi, ikikosekana dabo tatu hesabu nzima ya kufunga mchezo ni uongo na watu watagombana. Kwa hiyo wapake. Lakini wapake MGONGO, nukta waziache, angalau anayevaa ajue anavaa nini.

---

fundi_wa_klia:

Nimesahau tundu. Msumari wa moto acha, unachoma plastiki inanuka na moshi wake mbaya. Tumia keke ya umeme, biti ya milimita 2, bandika soltepu pale utakapotoboa isiteleze, weka kipande cha mbao chini, speed ndogo, sukuma kidogo toa sukuma kidogo toa. Ukikandamiza mfululizo inapata joto, kete laini itayeyuka izunguke na biti, kete ngumu itapasuka kona. Toboa KABLA ya rangi, zote, wewe au fundi seremala jirani, watoto wakute zishatobolewa. Na usiende karibu sana na ukingo, acha milimita 4 hivi.

Kama hutaki kutoboa, bandika sumaku nyuma ziwe za friji.

---

mwl_wa_hesabu_tanga:

Mimi nachangia kwa upande mwingine, samahani kama natoka nje ya mada. Kabla hujapaka rangi umewahi kufikiria nukta zenyewe ni rangi tayari? Kete nyeusi yenye nukta nyeupe, upande mtupu ni giza, sita ni mwanga, katikati ni vivuli. Kuna Mmarekani anaitwa Ken Knowlton alitengeneza sura za watu kwa kete za dhumna miaka ya 1980, na baadaye mwalimu wa hisabati Robert Bosch wa chuo cha Oberlin kule Ohio naye anafanya hivyohivyo, kompyuta inapanga kete ipi ikae wapi. Utamu wake ni sharti: wanatumia seti kamili, huruhusiwi kubakisha kete wala kuongeza sita za ziada pale unapotaka mwanga, lazima kila iliyomo kwenye boksi ipate pa kukaa.

Kwa watoto seti moja haitoi sura ya mtu, ni ndogo mno, ila kete 28 zina nusu 56 ambazo zinakaa sawasawa kwenye mstatili wa 7 kwa 8. Wape wapange kutoka giza kwenda mwanga bila kuacha tundu. Mimi nimewapa kidato cha pili kipindi kizima walisahau hadi kengele.

---

mshoni_wa_ngambo:

Mwalimu nimeipenda, ila mie nnazo 27 😅 pembeni kutabaki pengo kama jino.

---

mwl_wa_hesabu_tanga:

Nusu 54 basi, 6 kwa 9. Hakuna pengo.

---

rangi_za_baiskeli:

Mimi nachora Tingatinga Dar, nimesoma hapa nikashangaa hakuna aliyetaja rangi ya mafuta. Mzee wetu Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, kwa nini? Kwa sababu zilikuwepo, ni rahisi, na zinang'aa zenyewe. Kete ni ngumu ndogo laini, imeumbwa kwa rangi hiyo. Haichuruziki ukipaka klia wala usipopaka. Ubaya wake ni uvumilivu, rangi ya chini ikauke usiku mzima, ndipo uweke madoa juu, ukiwahi zinachanganyikana unapata tope.

Na ninyi mnataka kuzificha nukta kwa nini? Nukta ni nusu ya kazi umeshafanyiwa. Kete ya dabo sita ni kanga ameinama anadonoa, unamuongezea shingo na kichwa chekundu kidogo tu, madoadoa yake yapo tayari. Tano ni chui. Na kwa kuwa nukta zimeingia ndani, paka rangi uso mzima, subiri kidogo, pangusa kwa kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye kidole, juu inatoka ndani ya vishimo inabaki. Utapata nukta za dhahabu zilizokaa kama zimetoka kiwandani hivyo.

---

ukhti_wa_maskati:

Bibie nilipo mie huku Maskati wino wa spiriti unauzwa tayari kwenye vichupa, rangi zake kali kushinda maka pen, na kuna dhahabu ambayo unaitikisa kwanza kwa vile unga wake unakaa chini. Tone moja la dhahabu mwisho kabisa linakwenda pembezoni peke yake linachora kama ukingo wa kikombe cha zamani. Lakini kwa kuanzia maka zatosha, usijitie gharama. Paka maka kwenye kipande cha plastiki kwanza mpaka ilowe, udondoshee spiriti hapo, uchukue kwa brashi. Inapungua michirizi ya kalamu.

Na fikra ya kanga imenikumbusha pindo za kanga, mtoto anayeweza kuchora korosho moja kwa kalamu nyembamba juu ya rangi ikishakauka ana kidani tayari. Jina la kanga ndo halienei 😂

---

mamake_shanga:

Linaenea ukichagua fupi. Wangu mmoja aliandika SISEMI.

---

mshoni_wa_ngambo:

Nimerudi, ahsanteni sana nyote, nimefanya kama mlivyoniambia na nnaleta khabari.

Kutoboa nimempelekea seremala, kapasua mbili tu, ile ya mfano nikaitoa sadaka na mwengine tukamfanyia sumaku. Kuosha peke yake kumenitoa maji meusi beseni mbili, fundi ulisema kweli, sijui baraza lile wanakula nini. Vigae nimepata kwa jirani anaejenga.

Siku ya kwanza nilidhani wavulana watanisumbua, kumbe wao ndo walotulia, mmoja kakaa na bomba lake anahesabu matone kama anatia dawa ya macho. Waliosumbua wakubwa, wanataka kila rangi iliyopo mezani iingie kwenye kete moja, na ukichanganya zote unapata kahawia, niliwaambia wakakataa, wakapata kahawia, wakafuta. Baadae nikaweka sharti rangi mbili tu na nyeupe ya kete yenyewe ihesabike ya tatu. Hapo ndo zikaanza kutoka za maana. Mdogo yule wa miaka 10 hakutaka spiriti kabisa, kachukua dabo sita kafanya kanga kama alivyosema ndugu wa Tingatinga, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili lakini jicho lake linakutazama popote unapokaa.

Klia nimepiga Jumatano uwani kumekauka, vumbi, vumbi, halafu ndo nikalowesha. Moja tu imechuruzika, kwa vile simu ililia nikasimama na mkono pale pale. Ukumbi sikufukiza udi wiki nzima, mama kaniuliza kama nnaumwa.

Jumamosi ya pili wamefunga uzi wakatoka nazo shingoni, wamepita mbele ya baraza mmoja mmoja kwa makusudi. Na hapa ndipo penye jambo. Jana Alasiri kaja mzee wa baraza, kagonga mlango kwa adabu zote, kafungua kiganja: dabo tatu. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake alilovaa harusini. Anasema ile seti mpya nyepesi haina mlio, anataka zake 27. Nimemwambia babu kumi na tatu zipo shingoni mwa watoto, zilobaki zina rangi. Akanyamaza, kisha akasema "si umesema inafutika kwa spiriti?"

Fundi nisaidie nimjibu nini, zilizopigwa klia zinafutika?

---

fundi_wa_klia:

Klia haitoki kwa spiriti dada. Ukitumia thina itatoka na kete yenyewe inaweza kulainika uso. Na zina matundu hizo.

---

mzee_dabo_sita:

Hata zingefutika hazifai. Kete yenye tundu kila mtu mezani anaijua ikiwa imelala kifudifudi. Mwambie mwenzangu anunue nyingine, na hiyo dabo tatu akupe, mtoto aliyepata ya sumaku bado anadai.